Waziri Aliyeahidi Mgongo Wake

Redio ya Bunge kijijini kwetu Hamunyanga haisikilizwi kimya kimya. Inajibiwa. Anayesema uongo huambiwa papo hapo kwamba ni mwongo, na anayebabaika huchekwa mpaka mbuzi washtuke. Na hakuna ua wenye kelele kuliko ua wa Bina Luyando, yaani Mama Luyando, maana mbunge wetu, Mheshimiwa Cheelo Hamaundu, ni mdogo wake wa tumbo moja, na dada mtu hajawahi kumuona kuwa mheshimiwa hata siku moja.

Asubuhi hiyo Bina Luyando alikuwa anakoroga ndoo ya chibwantu, kile kinywaji chetu cha mahindi, mumewe Hamoonga anasuka kamba ya ng'ombe, na binti yao Luyando kakaa mkekani, miguu kainyoosha, mimba imemjaa. Redio ikatangaza swali la Mheshimiwa Hamaundu kwa Waziri wa Mikoa.

"Nyamazeni nyote! Mtoto wa mama yangu anasimama," akasema Bina Luyando, ingawa aliyekuwa anapiga kelele ni yeye peke yake.

Sauti ya Cheelo ikaja, ile sauti yake ya mwalimu mstaafu anayesubiri darasa litulie. "Mheshimiwa Spika, je, ni lini Serikali itajenga daraja la Mto Lukamba, ambalo fedha zake zilitajwa katika bajeti ya mkoa mwaka juzi, ili wananchi wa Hamunyanga waifikie kliniki wakati wa mvua?"

Waziri wa Mikoa, Mubita Sitwala, ni Mlozi, kabila la wavuvi. Sisi ni Watonga, wafugaji. Basi hapo hakuna zaidi ya kueleza: ni watani. Mlozi atamwambia Mtonga lolote lile, Mtonga atamrudishia, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa na atatozwa ng'ombe.

"Mheshimiwa Spika," ikasema sauti nene, kicheko kimejaa kooni, "Serikali hii ni sikivu. Fedha zimeshapelekwa mkoani na mchakato unaendelea. Ila nashangaa. Watani zangu Watonga wana ng'ombe wengi kuliko watu. Wanashindwaje kushika mkia wa ng'ombe wakavuka? Au maziwa ya mgando yamewaongeza uzito?"

Bunge likaangua kicheko. Hamoonga naye akacheka mpaka kamba ikamtoka mkononi. "Mlozi huyu! Mla samaki huyu!"

"Swali la nyongeza, Mheshimiwa Spika," Cheelo akasema, na ukimjua unasikia kabisa kwamba masikio yameshamuwaka moto. "Na mama mjamzito naye ashike mkia?"

"Naona mtani wangu amenuna, kwa hiyo ng'ombe wangu mmoja nimeshampata. Mheshimiwa Spika, nakuhakikishia, mpaka daraja hilo likamilike nitakwenda mimi mwenyewe Lukamba niwavushe watani zangu mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Hayo mengine nitamjibu kwa maandishi."

Meza zikapigwa, watu wakapiga miluzi, Spika akaita swali linalofuata, la choo cha soko sehemu nyingine kabisa ya nchi. Daraja letu likawa limeisha hivyo.

Bina Luyando alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa kona ya kitenge chake alipomtazama bintiye. Luyando hakuwa amecheka. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, macho yake kwenye wingu dogo upande wa mashariki.

"Mama," akasema, "mvua zikiniwahi je?"

Hamoonga akaizima redio.

*

Jumamosi yake mbunge akaja kijijini, kavaa koti, gari kaliacha ng'ambo ya mto kwa sababu anazozijua kila mtu. Dada yake akamwekea kigoda kile wanachokalia watoto wakati wa kumenya karanga. Cheelo akakitazama.

"Kaa, mheshimiwa," akasema Bina Luyando. "Waziri kakukalisha chini mbele ya nchi nzima. Mimi kiti cha kukuinua nitakitoa wapi?"

Akakaa, magoti yakamfika kidevuni. Akaletewa nsima, ule ugali wetu, na majani ya maboga, bila nyama, wakati harufu ya kuku ilikuwa imejaa jikoni. Akala kama mtu aliyeona kesi imemgeukia.

"Dada, mimi nilifanya kosa gani? Swali nimeuliza. La nyongeza nimeuliza. Muda ukaisha."

"Ulichekwa, ukakaa."

"Lakini kweli alichekesha," Hamoonga akachomekea.

"Wewe shughulika na kamba zako." Bina Luyando akavuta mkeka, akakaa mbele ya mdogo wake. "Cheelo, nikuulize. Yule mtu kasema atakuja kutubeba mgongoni. Kasema au hakusema?"

"Kasema, lakini ule ni utani."

"Ndiyo maana nauchukua! Mtani akija msibani akamkamata jogoo wako, wewe unamwambia nirudishie, ulikuwa unatania? Unamkomboa, tena unatabasamu. Na mtani akisema mbele ya watu nitakupa kitu fulani, anatoa. Asipotoa tunamfuata kwake na ngoma. Sasa huyu kasema mbele ya nchi nzima. Nenda kamwambie tunausubiri mgongo."

"Dada, Bunge si msiba."

"Kwa daraja letu ni msiba."

Cheelo alikuwa kakata tonge, kalishika hewani, na hakulipeleka mdomoni. Mwalimu alianza kufikiri, na alipofikiri alikuwa na tabia ya kukunja pua. "Hebu ngoja. Alisema 'nitakwenda', au alisema 'nakuhakikishia, Mheshimiwa Spika, nitakwenda'?"

"Kasema nakuhakikishia," akajibu Luyando kutoka mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku hiyo. "Nimemsikia vizuri, mjomba."

"Basi amekwisha." Cheelo akaliweka tonge sahanini. "Kuna Kamati ya Ahadi za Serikali. Waziri akishamhakikishia Spika jambo, limeandikwa, na kamati inamfuatilia mpaka alitimize. Hakuna kanuni inayosema ahadi ya kuchekesha haihesabiwi. Hakuna! Dada, hivi nyama hakuna kweli humu ndani?"

"Nyama ipo," akasema Bina Luyando, akinyanyuka. "Ilikuwa inasubiri useme neno la maana."

*

Mwenyekiti wa kamati ile, Bibi Chilufya Mwape, ni mama wa miwani mizito, na watu wa Lusaka husema hajawahi kucheka kazini. Waziri Mubita aliingia mbele yake akiwa ameshatayarisha mzaha wa kuingilia. Haukupata pa kuingilia.

"Mheshimiwa Waziri, maneno haya ya mgongo yako kwenye kumbukumbu za Bunge. Naomba uiambie kamati kama ni ahadi au ni mzaha. Ikiwa ni ahadi, tupe tarehe. Ikiwa ni mzaha, utarudi Bungeni ueleze kwa nini ulimhakikishia Spika jambo usilokusudia kulifanya."

Waziri akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akalitazama dari. Cheelo, aliyekaa kule pembeni, akakitazama kidole chake kama mtu ambaye hahusiki kabisa.

"Ni ahadi," akasema waziri, na haraka haraka tabasamu likamrudia, kwa maana alishaanza kuiona picha gazetini: yeye suruali kaikunja, maji ya kifundoni, bibi mmoja mwembamba mgongoni anacheka kwa pengo. Picha nzuri hiyo. Tatizo ni kwamba alikuwa hajamuona Bina Luyando.

*

Alipokuja, mvua zilikuwa zimeshaanza kule juu milimani. Lukamba ulikuwa haujajaa, lakini rangi yake imeshageuka kuwa ya udongo na mwendo wake umeshakuwa wa haraka. Magari yalisimama ng'ambo, watu wa wizara wakavushwa kwa mtumbwi wa kuchonga, ule usiothubutu mto ukijaa, wakiwa wameshikana viuno. Wapiga picha wakajipanga. Pamoja nao alikuwamo Bwana Kapembwa, ofisa mkuu wa mkoa, viatu vinang'aa, kapigilia tai katika joto lile.

"Watani!" Waziri akapaza sauti. "Nimekuja kulipa!"

"Tumekuona, mla samaki! Umekonda, Lusaka hawavui?" wanawake wakamjibu, vigelegele vikapaa.

Akavua viatu, akakunja suruali, akamnyooshea kidole bibi mmoja mwembamba kama fito. "Nitaanza na mama huyu."

"Mimi nimeshavuka jana, mwanangu, ndiyo nimerudi," akasema bibi yule. Kumbe lilikuwa limeshapangwa. Watu wakapasua njia, na Bina Luyando akatokea, kavaa kitenge kipya, mkono kiunoni, mwili wake wote aliojaliwa na Mungu na maziwa ya mgando ukija taratibu.

Waziri akamtazama toka chini mpaka juu. "Jamani, huyu si mmoja. Hii ni kamati nzima!"

"Nuna basi, nikutoze ng'ombe."

Watu hoi. Waziri naye akacheka, kwani alikuwa mtani wa kweli, hilo tusimnyime. Akainama. Bina Luyando akapanda, akamkumbatia shingoni, na mheshimiwa akaingia mtoni akiguna.

Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni. Katikati akasimama apate pumzi, miguu inapapasa mawe. Hapo ndipo Bina Luyando alipokohoa, akakaza sauti yake ikawa sawasawa na ya redioni.

"Kikao kimeanza. Swali la msingi."

"Loo, mama! Spika yuko wapi?"

"Spika ni mimi. Huoni niko juu? Daraja la Lukamba lini?"

"Mchakato... unaendelea."

"Mchakato ndio huu tuliomo? Swali la nyongeza. Ulisema fedha zimepelekwa mkoani. Mkoani wapi, na kazipokea nani?"

"Hilo nitakujibu kwa maandi—" Jiwe likamteleza chini ya mguu, maji yakamruka mpaka kifuani. Akajikaza asimwangushe.

"Utaandika wapi, mtani? Karatasi zitalowa."

Ukingoni watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko, na hata wapiga picha kamera zilikuwa zinawatetemeka. Mumewe Hamoonga, anayemjua vizuri kuliko wote, ndiye aliyekoma kucheka kwanza. Bina Luyando akaushusha mdomo wake karibu na sikio la waziri.

"La mwisho hili si la utani. Geuza uso. Unamuona msichana aliyekaa kwenye jiwe lile? Ni mwanangu. Mvua zilizopita alikaa jiwe hilo hilo, uchungu umemshika, anangoja maji yashuke. Hayakushuka. Mtoto akazaliwa pale pale, hakulia. Sasa ana mwingine, na mwezi huu hautaisha kabla hajajifungua. Nijibu, baba. Akae wapi?"

Waziri Mubita akamtazama Luyando. Luyando naye akamtazama, mkono tumboni, hacheki, halii. Maji yalikuwa yanamvuta waziri kiunoni, akiwa mtu mzima, mwanaume, ameshiba. Mzaha ukamtoka, akageukia ukingoni.

"Kapembwa!" akapiga kelele ghafla. "Njoo hapa!"

"Mheshimiwa, viatu vyangu..."

"Njoo hivyo hivyo!"

Bwana Kapembwa akaingia mtoni na viatu vyake na tai yake, mpaka akamfika waziri, nyuso zimekaribiana, Bina Luyando juu yao kama hakimu.

"Daraja la watu hawa liko wapi?"

"Lipo, mheshimiwa. Ni la vyuma, la kuunganishwa kwa nati. Vyuma vyote viko kwenye yadi yetu tangu vilipoletwa. Tunasubiri kibali cha wizara kuvihamisha."

"Wizara yangu?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Wizara nayo ikasema inasubiri maombi ya mkoa."

"Mkaomba?"

Kapembwa akairekebisha tai yake. "Tulikuwa tunasubiri kibali cha kuomba."

Hakuna aliyecheka. Vyuma vilikuwa vimelala yadini, nyasi zimevimeza, na Luyando alikuwa amekaa jiweni. Nasema kweli, mimi mwenyewe nilitaka kumzamisha mtu siku ile, nikakosa tu nianze na nani.

"Kibali unacho," akasema waziri. "Nimekupa sasa hivi, mbele ya Spika huyu aliye mgongoni mwangu. Malori yaondoke kesho. Na yakikosa mafuta, usinitafute kwa barua, nitafute kwa simu, usiku au mchana."

"Sasa twende, mtani," akasema Bina Luyando kwa upole. "Tutaota mizizi hapa."

Waziri akamfikisha ng'ambo, akamshusha. Bina Luyando akachukua kata ya chibwantu kutoka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja pale, akampa kwa mikono miwili, goti limepigwa, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Waziri akanywa yote, hakubakisha.

*

Juma lililofuata Cheelo akasimama tena na swali lile lile. Kabla Waziri hajafungua mdomo, upande wa pili wakaanza: "Mgongo! Mgongo!" Picha ilikuwa imeshaonwa na nchi nzima. Katika ua wa Bina Luyando tukasogea redioni, Hamoonga kaanza kutabasamu mapema, anangoja mzaha.

"Mheshimiwa Spika," akasema Waziri Mubita, "kosa ni la wizara yangu na la mkoa. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake, na wananchi walikuwa wanatusubiri sote. Vyuma vimeshafika Lukamba, mafundi wanafunga. Mto ule nimeuvuka kwa miguu yangu, maji yakanifika kifuani, na mimi sikuwa na mimba. Ni hayo tu."

Hamoonga akaugusa mkono wa mkewe. "Mbona hakututania? Anaumwa?"

"Mgongo," akasema Bina Luyando, lakini alikuwa anatabasamu kwa chini chini.

Redioni Spika akamuuliza Cheelo kama ana swali la nyongeza. "Lipo njiani, Mheshimiwa Spika," akajibu mwalimu, akakaa. Safari hii hakuna aliyemcheka.

*

Mvua kubwa ilishuka alfajiri, na uchungu ukamshika Luyando wakati huo huo, kana kwamba waliambiana. Bina Luyando akamfunika kwa nailoni, Hamoonga akabeba kapu la nguo, wakateremka. Lukamba ulikuwa unanguruma, umekula kingo zote mbili, na lile jiwe halikuonekana. Juu ya mto vyuma vya daraja vilikuwa vimenyooka, vyeusi kwa maji, mbao za sakafu bado zinanukia utomvu.

Katikati ya daraja uchungu ukamkamata Luyando, akashika bomba la pembeni, akainama.

"Pumzika, mwanangu," akasema mama yake. "Tulia mpaka uachie. Hakuna tunachosubiri."

Ukaachia. Wakaendelea. Na kabla wenye ng'ombe hawajamaliza kukamua, mtoto wa kike alilia kule kliniki kwa sauti kubwa, nesi akasema huyu hatahitaji kipaza sauti. Bina Luyando alitoka nje kwenye mvua, akakaa kwenye ngazi, akalia machozi yote ambayo mwaka mzima alikuwa anayageuza kuwa maneno. Hamoonga alimkalia karibu, akamshika mkono.

*

Waziri akaja kukata utepe jua limetoka. Hotuba zikasomwa, nyingine ndefu kuliko daraja lenyewe. Bwana Kapembwa safari hii alikuwa amevaa mabuti ya mpira, akapigiwa makofi kwa hilo. Utepe ulipokatwa, waziri akataka kutangulia kuvuka, Bina Luyando akamzuia kwa mkono.

"Wapi, mtani? Ulisema mmoja baada ya mwingine. Mimi ulinivusha. Wa pili huyu hapa."

Waziri akageuka, akamuona Luyando na mtoto mgongoni. Akavua koti lake, akampa msaidizi, kisha akaghairi. "Lete koti," akasema. "Abebwe na waziri aliyekamilika." Akalivaa tena, akainama mbele ya msichana yule.

Luyando akafungua kitenge taratibu, akamlaza mtoto juu ya mgongo ule mpana, akafunga fundo mbele ya tai ya mheshimiwa kama anavyomfunga kila siku. Waziri akaanza kuvuka, mkono mmoja nyuma unamshika mtoto, hatua za tahadhari, utadhani bado yuko kwenye mawe. Chini mto unapita na kelele zake, hakuna aliyekuwa na haja nao.

Alipofika katikati akasimama ghafla. Akanyoosha shingo. Akawa kama mtu anayesikiliza jambo mgongoni.

"Mama," akamwita Bina Luyando, "kuna... kuna maji huku. Ya moto."

"Hilo ndilo swali la nyongeza, mheshimiwa!" akapiga kelele Cheelo kutoka nyuma. "Naona limefika!"

"Basi hili," akasema Waziri Mubita, mkojo wa mtoto unamshuka kwenye koti la Lusaka mpaka kwenye mkanda, "naomba nilijibu kwa maandishi."

Vicheko vikapasuka pande zote mbili za mto. Lakini Bina Luyando hakucheka. Aligeuka kumtafuta bintiye, kwa sababu alikuwa amesikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mvua za mwaka jana. Luyando alikuwa ameegemea bomba la daraja, kitenge kimemlegea, kichwa kakitupa nyuma, anacheka mpaka anashika ubavu.